Opasiti ya Karatasi: Dhana Potofu na Ukweli wa Kipimo

Wengi huamini kwamba opasiti, yaani uwezo wa karatasi kuficha kilicho nyuma yake, hupimwa kwa kuangalia mwanga unaopenya. Ukweli ni kwamba utaratibu wa kimataifa wa ISO 2471 hupima mwanga unaoakisiwa. Karatasi moja huwekwa juu ya mandhari nyeusi na uakisi wake ukasomwa, kisha husomwa tena ikiwa juu ya rundo la karatasi za aina yake, nene kiasi kwamba kuongeza nyingine hakubadilishi matokeo. Kipimo cha kwanza hugawanywa kwa cha pili, na jibu huzidishwa kwa 100. Kwa hiyo karatasi inayoakisi asilimia 76 juu ya weusi na asilimia 80 juu ya rundo ina opasiti ya asilimia 95.

Hapo huzaliwa dhana ya pili, ambayo naiona nzito zaidi: kwamba asilimia 5 iliyobaki ndiyo mwanga uliopenya. Tukizitia namba hizo katika milinganyo ya Kubelka na Munk ya mwaka 1931, inayoeleza jinsi mwanga unavyofyonzwa na kutawanywa ndani ya tabaka kama karatasi, mwanga unaopenya hukaribia asilimia 14. Tofauti hiyo inatokana na kwamba mwanga unaorudishwa na rundo hulazimika kuvuka karatasi ya juu mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, na kila mara hupungua.

Vilevile husemwa kwamba karatasi nzito ndiyo inayoficha zaidi. Hilo ni kweli iwapo mengine yote ni sawa, lakini kinachoficha hasa ni mwanga kutawanyika pale nyuzi zinapokutana na hewa. Karatasi ya kunakilia michoro, ambayo nyuzi zake zimesagwa mno hadi zikashikamana na kuiondoa hewa, huonyesha kilicho chini yake hata ikiwa nzito kuliko ya gazeti. Doa la mafuta kwenye karatasi hupitisha mwanga kwa sababu hiyo hiyo: mafuta huchukua nafasi ya hewa.

Weupe nao si ushahidi, kwani rangi kidogo ya kijivu hufyonza mwanga na kuongeza opasiti huku ikipunguza weupe.

Mwisho, si sahihi kulinganisha namba bila kutaja utaratibu uliotumika. Katika T 425, utaratibu wa TAPPI, chama cha wataalamu wa karatasi cha Marekani, kipimo cha kawaida hutumia mandhari nyeupe yenye uakisi wa asilimia 89 badala ya rundo, na mwanga humulikwa kwa pembe tofauti, hivyo karatasi ile ile inaweza kupata namba nyingine.