Je, wajua kwa nini kengele ya shule kwenye tamthilia hulia kabla somo halijaanza?

Itazame kwa makini tamthilia yoyote ya runinga inayohusu shule ya sekondari. Mwalimu anaandika maneno mawili ubaoni, anauliza swali, mhusika mkuu anajibu au anababaika, kengele inalia. Viti vinasukumwa, na mwalimu anapaza sauti kwa wanafunzi walio mlangoni wasisahau insha ya Ijumaa. Kipindi kizima kimekwisha kwa dakika 2. Shuleni kipindi ni dakika 40, pengine zaidi, na mwalimu anayelijua darasa lake hutoa kazi ya nyumbani mapema, wanafunzi wakiwa bado wameketi, maana kengele ikishalia hakuna anayeandika kitu.

Kengele hiyo ya mapema si uzembe wa mtunzi. Katika uandishi wa mswada, ukurasa mmoja huhesabiwa kuwa takriban dakika moja ya picha, na onyesho la kawaida halizidi kurasa 2 au 3. Ndani ya nafasi hiyo mtunzi anatakiwa aonyeshe ugomvi, siri au aibu, kisha awahamishe wote hadi mahali pengine. Kengele humfanyia kazi hiyo kwa sekunde chache: inakata mazungumzo, inatawanya darasa na kuwakutanisha mahasimu wawili kwenye korido.

Ukitaka kupima ukweli wa tamthilia, basi, anza na muda. Msimu wa sehemu 10 za dakika 45 ni saa 7 na nusu. Mwaka wa masomo wa siku 180, kila siku saa 6, ni saa 1,080. Mtazamaji anapewa saa 1 kati ya kila saa 144. Kinachoachwa nje ndicho kinachoijaza siku ya mwanafunzi: kunakili, kumsubiri mwalimu, kurudia hesabu ileile mara ya tatu, kusahihisha mtihani wa majaribio, kukaa kimya. Uchovu wa saa 9 alasiri ni sehemu kubwa ya maisha ya shule, lakini hakuna mtayarishaji atakayeuonyesha kwa dakika 40. Ndiyo maana karibu kila tukio unaloliona limewahi kumpata mwanafunzi fulani mahali fulani, na bado picha nzima si ya kweli. Uongo uko kwenye msongamano.

Msongamano huo una chanzo chake. Tamthilia ina kundi dogo la waigizaji wakuu wenye mkataba wa msimu mzima, na kila mmoja lazima apewe la kufanya. Mhusika mpya ni gharama mpya, na mtazamaji huchukua muda kumzoea. Kwa hiyo mimba, dawa za kulevya, talaka ya wazazi, wizi wa mtihani na ajali ya gari vyote huwaangukia watoto walewale 8 au 10. Katika shule ya wanafunzi 800 mambo hayo hutokea pia, ila yametawanyika kwa miaka kadhaa na katika familia zisizojuana. Wanafunzi wengi huambulia tetesi tu.

Takwimu za Marekani, nchi inayouza tamthilia za shule kuliko nyingine nyingi, zinaonyesha pengo hilo vizuri. Taasisi ya afya ya umma ya huko, CDC, huwahoji wanafunzi wa sekondari kuhusu mienendo yao kila baada ya miaka miwili. Mwaka 1991 asilimia 54 walisema wamewahi kufanya ngono. Mwaka 2023 walikuwa asilimia 32. Waliokunywa pombe katika siku 30 zilizotangulia walishuka kutoka takriban nusu hadi asilimia 22 katika kipindi hichohicho. Vijana wametulia, wakati skrini imezidi kuchemka. Hasara yake ni ya kweli: mwanafunzi wa miaka 15 anayekaa nyumbani Jumamosi usiku hudhani ameachwa nyuma na wenzake, kumbe wenzake wengi nao wako nyumbani.

Halafu kuna miili. Tamthilia ya Marekani Beverly Hills, 90210 ilipoanza kurushwa Oktoba 1990, Gabrielle Carteris, aliyeigiza mmoja wa wanafunzi wakuu, alikuwa na miaka 29. Wengi hudhani watayarishaji wanatafuta sura za kupendeza tu. Sura zimo, lakini sababu nzito zaidi ni sheria ya kazi. Huko California, mwigizaji wa miaka 9 hadi 15 anaruhusiwa kufanya kazi saa 5 kwa siku, na wa miaka 16 au 17 saa 6. Juu ya hapo, siku za masomo wote lazima wapate saa 3 za kusoma na saa 1 ya mapumziko, pamoja na mwalimu 1 kwa kila watoto 10 walioko kwenye seti. Kikosi cha upigaji picha kwa kawaida hufanya kazi saa 12 kwa siku kikijaribu kumaliza kurasa 5 hadi 8. Waigizaji wakuu wakiwa wote na miaka 15, nusu ya siku kamera inakaa bure. Akiajiriwa mtu wa miaka 22, tatizo linakwisha.

Kuna shida nyingine isiyozungumzwa sana. Maonyesho hayapigwi kwa mfuatano: yote ya maktaba yanaweza kupigwa wiki moja, hata kama moja ni la Januari na jingine la Novemba. Mvulana wa miaka 13 au 14 anaweza kurefuka sentimita 8 au 9 kwa mwaka na sauti yake ikavunjika katikati ya msimu. Mwanzo wa sehemu atakuwa na sauti nzito, mwisho wake nyembamba. Mtu mzima haleti usumbufu huo. Lakini mtazamaji anayebalehe anaangalia taya lililokwisha kukomaa, mabega mapana na ngozi iliyofunikwa vipodozi visivyoonekana, kisha anajipima kwa kipimo cha mtu aliyemzidi miaka 8. Waandaaji wa Degrassi: The Next Generation ya Kanada waliamua kubeba usumbufu wote huo. Ilipoanza mwaka 2001, Drake, ambaye baadaye angejulikana kwa muziki, alikuwa na miaka 14. Chunusi, meno yenye vyuma na urefu usiolingana vilibaki kwenye picha, na kwa hilo tamthilia hiyo inastahili heshima kubwa.

Sasa kiangalie chumba chenyewe. Darasa la tamthilia lina wanafunzi 15 au 20, madawati yameachana, na mhusika mkuu anakaa karibu na dirisha. Kila mtu wa ziada anayeonekana nyuma hulipwa, huvalishwa na hulishwa, na akiwa mtoto huhitaji mwangalizi. Safu ya mbele ya madawati mara nyingi huondolewa ili kamera ipite. Dirishani kuna taa kubwa iliyowekwa nje, kwa hiyo mwanga hautikisiki hata mawingu yakipita. Korido ni pana kuliko za shule nyingi kwa sababu mpiga picha anatembea kinyumenyume mbele ya waigizaji, na huenda ukuta mmoja unaweza kung'olewa. Wale wanaopita nyuma wanachezesha midomo bila kutoa sauti ili mazungumzo ya wahusika yarekodiwe safi. Makelele huongezwa baadaye studioni, tena kwa kiasi. Hapo ndipo uhalisi unapopotea zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Korido ya shule halisi wakati wa kubadilisha vipindi ina kelele kiasi kwamba huwezi kumnong'oneza mtu siri. Kwenye tamthilia siri zote husemwa hapo.

Hata hali ya hewa ina sababu. Shule nyingi hukubali kukodishwa kwa upigaji picha wakati wa likizo tu, basi jua linawaka na miti imejaa majani katika mwezi ambao kalenda ya hadithi inasema ni baridi.

Walimu ndio ninaoona wanadhulumiwa kuliko wote. Tamthilia humpa mwalimu darasa moja na mwanafunzi mmoja wa kumwokoa. Utafiti wa mwaka 2018 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, uitwao TALIS, ulikuta kwamba walimu wa sekondari ya chini katika nchi wanachama hufanya kazi takriban saa 39 kwa wiki, na karibu nusu yake tu ndiyo kufundisha; zilizobaki ni kuandaa masomo, kusahihisha, vikao na makaratasi. Darasani kwenyewe asilimia 78 ya muda ilikwenda kwenye kufundisha na kujifunza, na karibu asilimia 13 kwenye kutuliza vurugu. Sijaona tamthilia inayomwonyesha mwalimu akisahihisha madaftari 120 ya swali lilelile.

Kosa la hatari zaidi linahusu siri. Mwanafunzi wa tamthilia humweleza mwalimu kwamba anapigwa nyumbani, mwalimu anaahidi kutomwambia yeyote, na ahadi hiyo inabeba sehemu tatu nzima. Mwalimu aliyepata mafunzo ya ulinzi wa mtoto hufundishwa kinyume chake. Asiahidi siri. Asikilize bila kumtia mtoto maneno mdomoni, aandike alichoambiwa kwa maneno ya mtoto mwenyewe pamoja na tarehe na saa, kisha siku hiyohiyo apeleke taarifa kwa mtu mwenye jukumu la ulinzi wa watoto shuleni. Mwanafunzi aliyezoea ahadi ya siri anayoiona kwenye runinga anaweza kujiona amesalitiwa pale mwalimu anapofanya kazi yake ipasavyo.

Kufukuzwa shule nako huchukua sentensi moja ya mkuu wa shule aliyekasirika. Uingereza, kwa mfano, katika shule za umma za England, mkuu akimfukuza mwanafunzi kabisa, bodi ya shule lazima iupitie uamuzi huo ndani ya siku 15 za masomo, na mzazi ana haki ya kusikilizwa.

Simu zimewasumbua watunzi kwa namna ya pekee. Ugomvi mwingi wa wanafunzi siku hizi huanzia na kukulia kwenye makundi ya ujumbe, na watu wawili wanaosoma skrini hawana mvuto kwenye picha, hivyo mtunzi huwalazimisha wakutane na kurushiana maneno ana kwa ana. Sheria nazo zinakwenda mbio kuliko miswada ya tamthilia. Ufaransa ilipiga marufuku matumizi ya simu katika shule za msingi na za sekondari ya chini mwaka 2018, Uholanzi ikazitoa madarasani Januari 2024, na sheria ya Brazil ikatiwa saini Januari 2025. Tamthilia inayoonyesha simu juu ya kila dawati tayari ni ya zamani katika nchi hizo. Maneno ya mtaani ya vijana huchakaa upesi vilevile, kwa sababu kati ya kuandika na kurusha kuna mwaka mmoja au miwili. Adolescence, tamthilia ya Uingereza iliyotoka Machi 2025, iliukwepa mtego huo kwa akili: katika sehemu yake ya pili, iliyopigwa shuleni kwa mkupuo mmoja bila kukata, mpelelezi haelewi maana ya alama wanazotumiana vijana, na ni mwanawe mwenyewe anayemfafanulia. Kutojua kwa mtu mzima kumekuwa sehemu ya hadithi.

Jaribio lililoukaribia zaidi muda halisi wa shule lilifanyika Norway. Kabla ya kuandika tamthilia ya Skam, iliyorushwa na shirika la utangazaji la umma la huko, NRK, kuanzia 2015 hadi 2017, Julie Andem aliwahoji vijana kwa kina, kisha akachagua waigizaji wa umri unaokaribiana na wa wahusika na kupiga picha katika shule halisi ya Oslo. Vipande vilitolewa mtandaoni siku na saa ileile tukio lilipotakiwa kutokea. Onyesho la Jumanne asubuhi lilitoka Jumanne asubuhi, mtazamaji naye akiwa shuleni, na Ijumaa vipande vyote viliunganishwa kuwa sehemu moja. Kulikuwa na siku ambazo hakikutoka chochote. Katika msimu wa pili mhusika Noora alimwandikia mvulana aitwaye William ujumbe na William hakujibu. Siku zikapita, na watazamaji wakabaki wakifungua ukurasa kila mara kuangalia kama amejibu.