“Ameshamaliza, Sista”

Kina mama wa Januari nawajua kwa mbali, mimi muuguzi wa kliniki hapa Mombasa. Hawakubeba mtoto, wamebeba kitabu. Mtoto tayari ameachwa kwa ticha, na kitabu cha kliniki kimechomolewa chini ya godoro kilikolala zaidi ya mwaka, kinanuka mafuta ya nazi, kurasa za katikati zimegandana. Shule zimefunguliwa, deikea zimejaa, PP1, darasa la kwanza la chekechea, wanaandikisha, na kila mlango unataka nakala ya ukurasa wa chanjo.

“Sista, nakuomba mhuri tu. Huyu ameshamaliza, tangu miezi tisa.”

Ameshamaliza tangu miezi tisa. Juzi shule zilipofunguliwa nilianza kulihesabu neno hilo kwa vijiti pembeni mwa rejista. Nikaacha Jumatano mchana, pembe iliisha. Ndiyo maana naandika. Kuanzia leo atakayeniambia ameshamaliza nitamtumia linki, nikanywe chai yangu ikiwa bado moto.

Mtoto hamalizi kwa miezi tisa. Sindano ya surua na rubela ni mbili: ya miezi 9 na ya miezi 18. Hiyo ya mwaka na nusu ndiyo inayopotea. Ukikifungua kile kitabu unakuta safu nzima imejaa tarehe na sahihi, mpaka unafika mstari wa mwisho: mweupe, kama haujawahi kuonwa na mtu.

Kabla sijawalaumu kina mama, niseme la haki. Neno hilo tuliwafundisha sisi. Hadi mwaka 2013 ratiba ya kawaida ya Kenya ilikuwa na surua moja tu, ya miezi tisa, na muuguzi akishaichoma alikuwa anamwambia mama, “Hongera, umemaliza.” Mwaka 2013 ikaongezwa ya pili, 2016 ikaunganishwa na rubela, lakini hakuna aliyepita mitaani kuifuta ile hongera. Aliyezaa kifungua mimba 2010 anamlea wa tano kwa ratiba ya wa kwanza. Na nyanya ndiye mbaya zaidi, maana nyanya habishiwi.

Chanjo nyingine nazipita haraka kwa sababu hizo hazinisumbui: BCG ya kifua kikuu na matone ya polio akizaliwa, halafu wiki ya 6, ya 10 na ya 14 za penta (magonjwa matano kwa sindano moja), nimonia, matone na rota ya kuhara, na sindano ya polio hapo wiki ya 14. Hizo watu huja, kwa sababu mtoto bado ni mchanga, mama bado yuko nyumbani, na mashoga zake wanakumbushana. Shida huanza mtoto akitembea. Mama amerudi sokoni Kongowea au kazini, mtoto hana mafua wala homa, na miezi tisa mizima inapita kati ya sindano na sindano. Nani atakumbuka?

Sasa jambo linaloniudhi kweli, na hapa mnivumilie. Hata wanaojua kwamba kuna ya pili huniambia ni “ya kuongeza nguvu”. Wauguzi wenzangu nao husema hivyo, nimewasikia kwa masikio yangu. Likishasemwa hivyo, limeharibika. Kitu cha kuongeza nguvu ni kama maziwa kwenye chai: yakiwepo vizuri, yakikosekana tunakunywa ya rangi. Mzazi anawaza mwanawe ana kinga asilimia fulani, na hii ya pili itampandisha kidogo. Sivyo hata kidogo.

Ya miezi tisa, kati ya watoto 100 waliochomwa sawasawa, kwa dawa nzima, kwa barafu nzuri, 85 hivi hushika kinga. Wale 15 hawakushika. Si kwamba walipata nusu, la. Ni kama hawakuchomwa. Sababu kubwa ni mama mwenyewe: alimpa mwanawe kinga yake tangu tumboni, na kwa baadhi ya watoto kinga ile bado inazunguka damuni kufika mwezi wa tisa. Chanjo ya surua ni kirusi hai kilichodhoofishwa, inabidi kiishi kidogo ili mwili ujifunze. Kinga ya mama inakiwahi na kukimaliza kabla ya somo kuanza. Mtoto amelia bure, kitabu kimeandikwa tarehe, na ndani hamna kitu.

Utawajua vipi hao 15? Huwajui. Hawana alama wala kipele, na mimi niliyewachoma siwajui. Kwa hiyo tunawachoma wote tena kwa miezi 18, wakati kinga ya mama imekwisha zamani, na karibu wote waliokosa mara ya kwanza hushika. Ya pili haikuwekwa kwa ajili ya wale 85. Ni zamu ya hao 15 ambao hatuwajui. Na mwanao anaweza kuwa mmoja wao.

Basi kwa nini tusingoje mwaka mmoja, tukachoma vizuri mara moja? Swali zuri, na baba mmoja aliyewahi kuishi Marekani alinibana nalo. Kule ya kwanza hutolewa kati ya miezi 12 na 15, na inashika vizuri zaidi, na ya pili kati ya miaka 4 na 6, mtoto anapoingia shule. Wanaweza kungoja kwa sababu kwao surua ni ya nadra. Kwetu inawahi watoto wadogo, na mdogo ndiye inayemuua. Tumechagua kuwakinga wengi mapema tukijua baadhi watatuponyoka, kwa sharti kwamba tutawarudia. Nusu ya mpango ni kurudi. Ukiikata nusu hiyo, mpango wenyewe haupo.

Nije kwa ticha. Deikea nyingi za huku kwetu Kisauni ni chumba kimoja, dirisha moja, mkeka, pazia, na watoto 20 wanaolala mchana bega kwa bega joto la kaskazi likiwa limetanda. Tuseme wote 20 wana ile ya miezi tisa na hakuna hata mmoja aliyerudi. Kwa hesabu yangu ya juu juu, watatu hawana kinga yoyote. Akiingia mmoja na shurua, kama tuiitavyo sisi watu wa Mombasa, huwa anaambukiza siku nne kabla ya vipele kutoka, wakati ambapo anaonekana ana mafua na macho mekundu tu. Kirusi kinaweza kuelea chumbani kwa muda wa hadi saa mbili baada ya mtoto kuondoka. Kati ya 10 wasio na kinga waliokaa naye, 9 huipata. Ticha atamrudisha nyumbani lini? Akiona vipele. Amechelewa siku nne.

Na ticha hukagua nini? Nilimtembelea mmoja, mwanamke mzuri, msafi, watoto wanampenda. Nikamuuliza anajuaje kama mtoto amechanjwa. Akamvuta aliyekuwa karibu, akamkunja mkono wa shati wa kushoto, akanionyesha kile kikovu. “Si hii, Sista?” Hiyo ni BCG, ya kifua kikuu, ya siku ile aliyozaliwa. Inakuambia kwamba mtoto alizaliwa na mtu akamchoma. Na wapo waliochomwa vizuri wasiote kovu, basi hata hilo halikwambii yote.

Wale wanaodai kitabu nao wana vituko vyao. Shule moja ya kulipia, siitaji, iliwapa wazazi fomu ambayo nina hakika ilitolewa kwenye intaneti ya nchi nyingine. Inataka chanjo ya tetekuwanga, inataka MMR. Kitabu chetu kinasema MR, yaani surua na rubela. Mama akaja anatetemeka, ati mwanawe amepunjwa herufi. Herufi hiyo ni ya matubwitubwi, mama, haimo kwenye ratiba yetu ya serikali, wala tetekuwanga haimo. Ukitaka na una pesa, hospitali za kulipia unaweza kuipata. Cha kuchekesha ni kwamba mtoto huyo huyo hakuwa na surua ya pili, na fomu haikuiuliza. Iliandika MMR kwa umoja, ukiweka tiki umepita.

“Lakini alishaugua shurua, Sista.” Nani alisema? “Nyanya yake.” Hapa Mombasa kati ya Desemba na Machi kila mtoto ana vipele, na vingi ni harara. Simbishii nyanya. Nachoma tu, kwa sababu hata kama aliugua kweli, sindano haitamdhuru. Kadhalika aliyepoteza kitabu. Tukimkosa kwenye rejista, surua tunarudia, hakuna hasara. Na mafua madogo si sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani. Homa ya sindano ya surua ikija huja baada ya wiki moja hivi, si usiku ule ule, kwa hiyo usikilaumu chakula cha Ijumaa.

Kuna moja linanishinda kujibu kwa uhakika. Julai 2025 kulikuwa na kampeni, watoto wa miezi 9 hadi 59 wakachomwa surua na rubela tena, pamoja na ile ya taifodi. Mama ananiambia, “Ya pili aliipata kwenye kampeni.” Mwili wa mtoto haujui kampeni wala kliniki. Kama zimepishana wiki nne au zaidi, imefanya kazi ile ile. Lakini utaratibu wetu ni kwamba dozi ya kampeni ni ya ziada, haijazi mstari wa miezi 18, na mtoto anachomwa tena. Mimi hufuata utaratibu, kwa sababu aghlabu mama anakumbuka kidole cha mtoto kilichopakwa wino wa kampeni na si sindano aliyochomwa mwanawe. Lakini mama akinitazama machoni na kuniuliza kama ni lazima, huwa nasita kidogo. Yeye huona.

Na dhambi yetu isifichwe. Chupa ya surua na rubela ni ya dozi 10, ni unga, ukishaukoroga una muda wa saa sita tu, dozi zilizobaki zinamwagwa. Akija mtoto mmoja saa saba mchana, muuguzi anafanya hesabu kichwani: nimwage dozi tisa kwa ajili ya mmoja? Anamwambia mama, “Njoo Jumanne, siku ya surua.” Mama ameacha kibarua, amepanda matatu, na Jumanne haji. Shirika la Afya Duniani linasema fungua chupa hata kwa mtoto mmoja. Nalijua hilo kwa moyo, na bado nimewahi kusema njoo Jumanne. Friji ikiwa na chupa mbili na mgao mwingine haujulikani utafika lini, mwongozo ule unasomeka kama umeandikwa na mtu asiye na friji. Ukurasa mweupe mwingine kwenye vitabu vile, mwenyewe nimechangia.

Ndiyo maana suala la kumfungia mtoto mlango silisemi kwa kifua. Wenzangu wengine wanataka iwe hivyo: huna dozi mbili, huingii. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa imeshamwekea mzazi wajibu wa matibabu “pamoja na chanjo”, si jambo geni. Lakini Katiba, kifungu kile kile cha 53, inampa mtoto elimu ya msingi na inampa huduma ya afya, moja chini ya nyingine. Ukimzuia getini umempokonya moja kwa sababu alikosa nyingine, na aliyekosa si yeye. Mtoto wa deikea akifukuzwa haendi kukaa sebuleni na mama. Anaachwa kwa jirani, chumba kingine, watoto wengine, bila kitabu kuulizwa. Ninachotaka ni mlango uulize, kisha umpe mzazi wiki mbili, na mtoto aendelee kuingia. Nikiulizwa kama wiki mbili zinatosha, sijui. Kuna baba namngoja tangu Septemba.

Yule ticha wa kovu nilimwomba jambo moja: akusanye vitabu vyote, afungue mstari wa mwisho, asitazame kwingine kokote. Alikuja baada ya siku nne na vitabu 17 kwenye karai. Tisa vilikuwa vyeupe. Tukapanga Jumanne, akawaleta wenyewe kwa mguu, wameshikana mikono, kina mama wanne nyuma yao, na mlio uliosikika siku ile hata wa maabara walitoka nje kutazama. Chupa moja, dozi tisa. Ya kumi ilimwangukia mtoto wa miezi 20 aliyekuwa kwenye benchi amekuja kwa vitamini A tu. Mamake aliniangalia na sindano yangu. “Huyu si ameshamaliza, Sista?”