Archer Blood na Vita vya Uhuru wa Bangladesh: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Katika yanayosemwa kuhusu Archer Blood, mwanadiplomasia wa Marekani, kosa la kwanza ni la cheo. Husemwa kwamba alikuwa balozi wa Marekani nchini Bangladesh mwaka 1971, ilhali nchi hiyo ilikuwa bado Pakistan ya Mashariki, jimbo la Pakistan, na balozi, Joseph Farland, alikaa Islamabad. Blood alikuwa balozi mdogo mkuu mjini Dhaka, na tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa yeye na wenzake ndio waliokuwa mjini usiku wa 25 Machi, jeshi la Pakistan lilipoanza kuua raia, wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dhaka wakiwemo.

Wengi huamini pia kwamba ile Telegramu ya Blood ya 6 Aprili, iliyoishutumu serikali ya Marekani kwa kunyamazia mauaji, aliiandika mwenyewe. Waliotia saini ni maofisa 20 waliokuwa chini yake. Yeye aliongeza maelezo kwamba anaafiki maoni yao, ila haoni kuwa inafaa atie saini maadamu ndiye mkuu wa kituo. Angeweza kuizuia isitumwe. Badala yake aliipeleka Washington ikiwa na jina lake, na kwangu mimi hapo ndipo ujasiri wake ulipo.

Dhana kubwa zaidi ni kwamba telegramu hiyo iliibadilisha Marekani na kuleta uhuru. Rais Nixon na mshauri wake wa usalama wa taifa, Henry Kissinger, walimhitaji Jenerali Yahya Khan, rais wa Pakistan, awe daraja lao la kufikia China, na mwishoni mwa Aprili Nixon aliandika kwa mkono wake kwamba Yahya asibanwe kwa wakati huo, akilipigia mistari mitatu neno la kukataza. Uhuru uliletwa na Wabengali wenyewe, wapiganaji wao wa ukombozi, Mukti Bahini, wakiwa mbele, pamoja na jeshi la India, hadi Pakistan iliposalimu amri mjini Dhaka tarehe 16 Desemba.

Blood hakufukuzwa kazi, kama wengine wanavyodai. Aliondolewa Dhaka kabla ya muda wake kwisha, akapewa kazi ya masuala ya watumishi Washington. Marekani iliitambua Bangladesh tarehe 4 Aprili 1972, siku mbili kabla ya telegramu ile kutimiza mwaka.