Kulungu hahesabu majani kwenye shati lako

Wawindaji wengi wa upinde Marekani huamini kwamba nguo ya mabaka isipochapwa majani na magome kama picha, kulungu ataiona. Si kweli. Kulungu huona vizuri buluu na njano, lakini nyekundu na chungwa humfifilia. Hata vitu vidogo havioni kwa undani kama sisi, na chapa ndogondogo ukiitazama kwa mita 30 huungana ikawa doa moja jeusi lenye umbo la mtu.

Kinachotakiwa ni kuvunja umbo hilo. Shati na suruali ya pamba ya kaki, hata ya mtumba, na makopo mawili ya rangi ya kupuliza isiyong'aa, kahawia na kijivu, vinatosha. Tandika nguo, weka matawi juu yake, pulizia kwa umbali wa sentimita 30. Mabaka yawe ya sentimita 15 hadi 25, yasiyolingana, yakikatiza mabega na mishono. Acha kaki iliyo wazi ibaki angalau theluthi moja. Ukipuliza nzito, kitambaa hukakamaa na kuchakarisha, na hapo sikio la kulungu litakuumbua kabla ya jicho. Anika nje siku kadhaa harufu iishe.

Usifue kwa sabuni yenye king'arisho: hung'aa kwa buluu anayoiona vyema. Banisha mkono wa shati upande wa upinde, usinaswe na kamba. Uso na viganja navyo vifunikwe.

(Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mabaka yanayofanana na ya jeshi humtia raia matatani.)