Kuku wa Malawi halisi: ununue kituoni au kwa mfugaji wa mbegu?

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kibaha aliniletea jogoo ndani ya kikapu. Hata kukaa hakutaka kwanza. "Bwana mifugo, niambie ukweli. Huyu ni Malawi au si Malawi?"

Jogoo alikuwa mweusi, kifua kipana, upanga umesimama. Kwa mbali ungesema ndiye. Nikamgeuza miguu juu na kumfuta tope: unyayo wa njano kama bizari. Nikapekua manyoya ya shingoni, nikakuta mekundu yamejificha chini ya meusi. "Mama, Malawi yumo," nikamwambia, "ila hayumo peke yake."

Kuku wake wa kwanza alikuwa amewanunua katika kituo cha kutotolesha vifaranga, wote weusi, na walimtagia vizuri sana. Tatizo lilianza alipoyaweka mayai yao kwenye mashine ya kutotolesha. Wakatoka wekundu, wakatoka weusi wenye nyayo za njano, na majirani waliokuwa wameweka oda ya "mbegu ya Malawi" wakadai pesa zao. Nimeona kisa hiki mara nyingi mno, ndiyo maana naandika leo.

Kuku tunayemwita Malawi jina lake ni Black Australorp. Aina hii ilitengenezwa Australia kutokana na kuku wa Orpington waliotoka Uingereza, na katika msimu wa 1922 hadi 1923 mitetea 6 ya huko ilitaga mayai 1,857 kwa siku 365. Malawi iliwazalisha kwa miaka mingi kwenye kituo cha serikali cha Mikolongwe ili kuwasambaza vijijini, na jina la Malawi likawaganda. Ni aina kamili: ukimpandisha jogoo wake kwa mtetea wake, unapata vifaranga wanaofanana na wazazi. Sasso na Kuroiler sivyo. Hao ni chotara wa makusudi, wazuri kwa nyama na mayai, lakini watoto wao wanatawanyika kila mmoja na umbo lake.

Sasa, weusi wa Malawi una nguvu. Ukimpandisha mtetea wa Malawi kwa jogoo mwekundu wa Rhode Island, kizazi cha kwanza karibu wote ni weusi. Ngozi nyeupe ya Malawi nayo inaifunika ile ya njano. Kwa hiyo chotara wa kizazi cha kwanza anapita sokoni kama Malawi bila mtu kushtuka. Siri inatoka kizazi cha pili, hao weusi wanapopandana wenyewe kwa wenyewe: kwa wastani kifaranga 1 kati ya 4 anapata unyayo wa njano, na wekundu nao wanajitokeza. Ndicho kilichompata yule mama.

Je, kituo kilimdanganya? Kwa neno lile "Malawi", ndiyo, kilikosea. Lakini sipendi watu wanaovisema vituo vibaya kwa jumla. Nilianzia kazi kituoni, upande wa chanjo, na najua kinachofanyika mle ambacho mfugaji mdogo hakiwezi. Boksi la vifaranga 100 lina vyumba 4, kila kimoja 25, na kabla halijafungwa kila kifaranga anachomwa sindano ya chanjo ya Mareksi, ugonjwa wa virusi wa kuku. Chupa ya chanjo hiyo mara nyingi ni ya dozi 1,000, na ikishachanganywa inatakiwa iishe ndani ya muda mfupi sana. Mwenye vifaranga 40 atafanya nini na dozi 960 zilizobaki? Wengi huacha kabisa. Tena kituoni unapata vifaranga 300 wa siku moja, bruda moja (chumba chenye joto cha kulelea vifaranga), ratiba moja ya chanjo. Ukichukua kwa wafugaji watatu, hawa wana siku 2, wale wiki 3, na wakubwa wanawaambukiza wadogo.

Ambacho kituo hakifanyi ni kumtazama kuku mmoja mmoja. Kinahesabu trei za mayai. Mtetea mwenye unyayo wa njano anayetaga vizuri atabaki bandani, na anayependa kuatamia ataondolewa kwa sababu akiatamia hatagi. Baada ya vizazi kadhaa unakuwa na kuku watagaji hasa, lakini umbo limelegea, na mitetea wamesahau kukaa juu ya mayai. Kwa mwenye mashine hiyo si hasara. Kwa bibi yangu kule kijijini, ni hasara kubwa.

Mfugaji wa mbegu anafanya kinyume chake. Ana mitetea 10 na jogoo mmoja, na anawajua kwa sura. Kati ya vifaranga 50 anaowalea, anaweza kubakiza 6 wa mbegu, waliobaki wakaenda sokoni. Kazi hiyo ndiyo unayoilipia bei yake inapokuwa mara mbili au tatu ya kituo, na mimi naiona ni halali.

Lakini na huku kuna mashimo. Nami niliwahi kutumbukia. Nilinunua vifaranga 15 kwa mfugaji ambaye kuku wake walikuwa wazuri kupindukia. Siku ya nne wakaanza kujikunyata chini ya taa, kinyesi cheupe kimegandia nyuma kama chokaa. Wiki ya pili nilibaki na 4. Ule ni ugonjwa unaopita ndani ya yai, kutoka kwa mama mwenyewe anayeonekana mzima, na hakuna usafi wa bruda utakaouzuia ukishaingia na kifaranga. Dawa yake ni kupima damu ya wazazi na kuwaondoa wenye maambukizi. Mfugaji yule hakuwahi kupima, na mimi sikuuliza. Nilikuwa nimezama katika kuangalia manyoya.

Tangu siku hiyo sinunui mbegu bila kufika bandani. Nataka kumwona jogoo na mitetea kwa macho yangu, si picha ya WhatsApp. Nawageuza, naangalia nyayo: Malawi anatakiwa awe na unyayo mweupe au wenye wekundu hafifu, mguu mweusi au wa kijivu, jicho jeusi, na manyoya meusi yanayong'aa kijani juani. Nauliza wamepimwa lini, chanjo ya kideri ilitolewa lini. Halafu nauliza swali ambalo wengi hawalitarajii: jogoo mwingine alitoka lini bandani humu? Mtetea anahifadhi mbegu ya jogoo mwilini kwa wiki mbili na zaidi. Anayekusanya mayai siku tatu baada ya kubadilisha jogoo hajui baba wa vifaranga wake, hata kama anaapa. Mimi nasubiri wiki 3.

Na jogoo huyu umemtoa wapi? Akijibu "alizaliwa humu humu," ujue huenda anawapanda dada zake. Ukoo ukijirudia hivyo mayai yanaanza kukataa kutotolewa, vifaranga wanakuwa legelege. Mfugaji makini ana koo tatu au zaidi, yaani makundi ya ukoo tofauti: majogoo vijana wa koo ya kwanza wanahamia ya pili, wa pili ya tatu, wa tatu wanarudi ya kwanza. Akikuonyesha daftari la mzunguko huo, lipa anachotaka.

Kituoni swali langu ni moja tu: upande wa majogoo ni aina gani, na upande wa mitetea ni aina gani? Wakitaja aina mbili, ni chotara. Nawashukuru kwa ukweli, na kama nataka mayai ya kuuza nachukua boksi. Wakisita, nachukua pia kama afya ni nzuri, ila siwawekei mayai mashineni.

Yule mama nilimshauri abaki na mitetea wake kwa ajili ya mayai ya kula, majogoo wote wauzwe, na banda la mbegu alianze upya mbali kidogo na lile la kwanza. Akachukua vifaranga 25 kwa mfugaji aliyepima wazazi. Wakifika miezi 6 tutachagua pamoja mitetea 8, na jogoo tutamtoa koo nyingine.

Juzi akanipigia, sauti imepanda. Jirani amechungulia kwenye bruda na kumwambia ameibiwa tena: vifaranga ni weusi mgongoni, lakini tumboni na kwenye ncha za mabawa ni weupe.

"Mama, hao ndio wenyewe," nikamwambia. "Kifaranga wa Malawi huzaliwa na weupe huo. Utatoka kadiri anavyobadili manyoya. Wewe angalia nyayo."

Nikamsikia anaweka simu chini, kisha vifaranga wakalia. Alirudi baada ya dakika mbili. "Nyeupe," akasema. "Wote ishirini na watano."