Chakula cha nguruwe wakati wa joto: dhana potofu na ukweli

Kuanzia Desemba hadi Machi, Dar es Salaam na ukanda wa Pwani mchana hufika nyuzi 31 hadi 33, na chini ya bati lisilo na dari hali huwa mbaya zaidi. Nguruwe wa kunenepesha huanza kupunguza kula joto likizidi nyuzi 25 hivi. Nguruwe mama anayenyonyesha huanza mapema zaidi. Jasho la nguruwe halitoshi kumpoza. Hubaki na kuhema, kulala penye majimaji, na kula kidogo ili mwili wake uzalishe joto dogo.

Dhana: Asipokula, mwongezee mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) na dagaa apate nguvu.

Hili ndilo kosa linalowagharimu wafugaji wengi, maana dagaa ni ghali na huzidisha tatizo. Protini inayozidi mahitaji haiwekwi akiba: mwili huivunja na kuitoa kwenye mkojo, na kazi hiyo huzalisha joto. Mafuta ndiyo huzalisha joto dogo kuliko vyote, yakifuatiwa na wanga. Protini na nyuzinyuzi ndizo zinazochemsha mwili. Kwa hiyo punguza kiwango cha protini kwenye chakula kwa pointi mbili za asilimia hivi, kisha ongeza laisini (moja ya asidi amino zinazojenga protini) inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo za mifugo, kwa kuwa katika chakula cha mahindi laisini ndiyo hupungua kwanza.

Kwa nguruwe aliyezidi kilo 60, kilo 100 za mchanganyiko ziwe hivi: mahindi yaliyoparazwa kilo 63, pumba za mahindi 16, mashudu ya soya 15, mafuta ya kula 3, chokaa ya mifugo 1, unga wa mifupa 1, chumvi 0.4, primiksi, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini, 0.4 (mfuko ukisema kiasi kingine, fuata mfuko) na laisini 0.2. Hapo unapata protini karibu asilimia 14 na laisini karibu 0.8.

Laisini ni gramu 200 tu, hivyo ikimwagwa juu ya rundo itabaki sehemu moja. Ichanganye kwanza na kilo mbili za mahindi, halafu kilo kumi, ndipo uitie kwenye rundo. Mafuta yafikiche kwa mikono ndani ya pumba mpaka mabonge yaishe. Changanya chakula cha wiki moja tu, kwani katika joto mafuta huchacha upesi na nguruwe hukisusa. Mhamishe kutoka chakula cha zamani polepole, kwa siku tano hadi saba.

Dhana: Pumba na majani hupoza tumbo.

Nyuzinyuzi huchachushwa na bakteria kwenye utumbo mpana, na uchachushaji huo hutoa joto. Mashudu ya alizeti yaliyokamuliwa pamoja na maganda yana nyuzinyuzi nyingi mno. Yapunguze kwa wanaonenepeshwa na wanaonyonyesha. Mama mwenye mimba ni tofauti. Yeye hupimiwa chakula, na pumba humsaidia kushiba na kutofunga choo, kwa hiyo usimwondolee.

Dhana: Ratiba ya kulisha haina uzito.

Joto la mmeng'enyo hupanda saa chache baada ya kula, kwa hiyo mlo wa saa tano asubuhi humpata wakati jua ni kali kabisa. Lisha saa kumi na moja alfajiri na saa moja usiku. Mama anayenyonyesha mpe mlo wa tatu saa nne usiku: anayepaswa kula kilo sita akila tatu, atakonda akitengeneza maziwa kwa nyama yake mwenyewe, na baada ya kuachisha watoto atachelewa kuhitaji dume kupita zile siku nne hadi saba za kawaida. Chakula cha majimaji kisikae kihorini zaidi ya saa moja. Kilichobaki kitoe, usikifunike kwa kipya.

Dhana: Chumvi ikiongezwa, watakunywa maji mengi.

Chumvi bila maji ya kutosha huvimbisha ubongo: nguruwe huonekana kipofu, huzunguka ovyo, hupata degedege na kufa. Kilo 0.4 kwa 100 zinatosha. Kinachopaswa kuongezwa ni maji yenyewe. Mama anayenyonyesha huhitaji lita 20 hadi 40 kwa siku, na nguruwe mkubwa wa kunenepesha lita 10 au zaidi. Pima chuchu ya maji (kifaa cha bomba ambacho nguruwe hunywea) kwa chombo na saa: itoe lita moja kwa dakika kwa wanaonenepeshwa, mbili kwa mama. Fukia bomba ardhini na uweke tangi kivulini, maana maji yaliyochemkia juani hawayanywi ya kutosha.

Maji yakikatika siku nzima kisha yakarudi, usiwafungulie yote kwa mkupuo. Nguruwe wa kilo 100 mpe nusu lita, ngoja kidogo, umrudie tena, hivyo hivyo kwa saa kadhaa, kwa sababu ni maji mengi ya ghafla baada ya kiu ndiyo huleta degedege hiyo.