Bastola ya Liberator haikumwagwa kwa ndege juu ya Ulaya

Husemwa mara nyingi kwamba katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndege za Marekani zilidondosha maelfu kwa maelfu ya bastola za FP-45 Liberator juu ya nchi za Ulaya zilizokaliwa na Wajerumani. Sivyo ilivyokuwa. Ni kweli kwamba mwaka 1942 kiwanda cha Guide Lamp cha kampuni ya General Motors, mjini Anderson, Indiana, kilitengeneza takriban bastola 1,000,000 kwa miezi michache, lakini makamanda wa Marekani waliokuwa Ulaya hawakuvutiwa na mpango wa kuwagawia wapiganaji wa upinzani. Baadhi zilipelekwa China na Ufilipino, na nyingi ziliharibiwa bila kutumika.

Kwa maoni yangu, umbo lenyewe linaeleza kusita kwao. Mtutu mfupi hauna mifereji ya kuizungusha risasi, kwa hiyo shabaha hupatikana kwa hatua chache tu. Tena bastola hupakiwa risasi moja tu kwa wakati, ya kaliba .45 (yaani kipenyo cha takriban inchi 0.45), na baada ya kufyatua, mtu hulazimika kulisukuma ganda kwa kijiti ndipo apakie nyingine, adui akiwa karibu. Hata herufi FP zilikuwa za kuficha siri, kwani kifaa kiliandikishwa kama kirusha fataki za mwanga (kwa Kiingereza Flare Projector).